Unastrimu gemu Nakuru na watazamaji ni wawili? Cheki venye utatoka hapo

Wacha tuanze na namba yenye inauma: 2. Hao ndio watu walikuwa wanacheki strimu yangu ya kwanza ya eFootball, kejani Free Area, saa tatu usiku. Mmoja alikuwa binamu yangu. Wa pili alikuwa mimi mwenyewe, kwa simu ingine, nikiskiza kama sauti inatoka. Nilicheza masaa matatu. Bando ikaisha dakika ya 70 ya mechi ya mwisho, na hakuna mtu aliuliza nimeenda wapi.

Kama umewahi kufungua chaneli ya gemu hii stori unaijua. Unaona Kai Cenat na IShowSpeed wakijaza watu kwa skrini, unajiambia hata mimi niko na mdomo na niko na pedi, unabonyeza kitufe cha laivu, halafu kimya. Wiki tatu baadaye unaamini kwamba wewe ni mbaya, ama Kenya bado haijafika hapo. Yote mawili si ukweli. Shida ni kwamba hakuna mtu alikukalisha chini akuambie hii kitu inafanya aje kazi, na itakukula doh ngapi ukiwa Nax na si Los Angeles.

Basi leo kaa chini. Hii si stori ya kuomoka. Ni stori ya kutoa strimu yako kutoka watu 2 hadi watu 20 wenye wanarudi, bila kukopa rent.

Laivu haileti watu, laivu inaweka watu

Hii ndio kitu ilinichukua miezi minne kuelewa. Twitch ilianza 2011, ikitoka kwa tovuti ilikuwa inaitwa Justin.tv, na 2014 Amazon wakainunua kwa dola milioni 970. Miaka hiyo yote kitu kimoja hakijabadilika sana: ukifungua ukurasa wa gemu yoyote kubwa, wenye tayari wako na watu ndio wanaonekana juu. Wewe mwenye uko na 2 uko chini kabisa, mahali kidole cha mtu hakifiki. Ni kama kufungua kibanda cha chipo nyuma ya jengo halafu ushangae mbona watu wa barabarani hawaingii.

Kitu kingine ni muda. Laivu inaisha ikiisha. Mtu akiwa kazini ama kwa mathree saa hiyo, amekosa. Klipu ya sekunde 40 inaweza kumpata kesho, wiki ijayo, hata mwezi ujao.

Cheki hao majina makubwa. IShowSpeed ni kijana wa Cincinnati, jimbo la Ohio, na alianza na gemu tu kwa YouTube. 2021 ndio aliwaka, na kilichomwasha zaidi ni klipu zake zenye watu walikuwa wanasambaza TikTok. Wengi walicheka na klipu zake mara kumi kabla hawajawahi kukaa kwa laivu yake hata mara moja.

Kwa hivyo panga akili yako hivi: klipu ni mlango, laivu ni sitting room. Kama kila wiki unafanya masaa kumi ya laivu na klipu sifuri, umejenga sitting room kubwa bila mlango. Kata laivu iwe masaa sita, hayo manne mengine kaa chini utafute dakika zenye zilichekesha, uzikate, uzitupe nje.

Ishi wapi: YouTube, TikTok ama Twitch?

Kila mahali iko na sheria za kuingia, na wasee wengi huzijua wakiwa wamechelewa.

YouTube: ukitaka kwenda laivu na simu, unahitaji wafuasi 50 kwanza. Ukitumia kompyuta hiyo 50 haikuhusu. Lakini wote mnasubiri hadi masaa 24 baada ya kuomba laivu mara ya kwanza, kwa hivyo usitangazie mtaa strimu ya leo usiku kama hujawahi kubonyeza hiyo kitu. Tangu Julai 2025, mtu wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kwenda laivu peke yake.

TikTok: lazima uwe umefika miaka 18, na kwa kawaida wanataka uwe na wafuasi kama 1,000 hivi, ingawa hiyo hubadilika kulingana na nchi na akaunti.

Twitch: unafungua akaunti, unaenda laivu. Ni rahisi kuingia, ni ngumu kuonekana. Kwa miaka mingi sharti lao la kuanza kukulipa limekuwa na hiki kipengele: wastani wa watazamaji 3 kwa wakati mmoja. Tatu tu! Na bado hapo ndipo wengi hukwama, ndio ujue hauko peke yako.

Sasa fanya utafiti wako mdogo. Uliza watu kumi mtaani kwako ni wangapi wako na Twitch kwa simu. Halafu uliza ni wangapi wako na TikTok na YouTube. Jibu lenye utapata ndilo linakuonyesha pa kuishi. Ushauri wangu: YouTube iwe nyumbani, kwa sababu strimu inabaki pale na mtu anaweza kuitafuta mwezi ujao. TikTok iwe mahali pa klipu. Twitch ingia kama gemu yako iko na jamii ya nje ya nchi yenye inakaa huko.

Usichague gemu kubwa, chagua gemu yenye utajulikana

GTA V ilitoka 2013 na bado watu wanaistrimu kila saa. Ukiingia hapo bila kitu cha tofauti, uko nyuma ya watu maelfu wenye mitambo ya kuumiza roho.

Angalia Sylvia Gathoni, yule dem wa Tekken anajulikana kama Queen Arrow. 2018 timu ya Marekani inaitwa UYU ilimsajili, akawa mchezaji wa kike wa kwanza kutoka Kenya kusajiliwa na timu ya kimataifa ya gemu. Baadaye Red Bull wakamchukua pia. Hakuwa anaruka kutoka gemu hadi gemu akitafuta yenye inavuma. Alikaa kwa Tekken, na jamii ya gemu za kupigana ni wasee wanaojuana. Ukiwa mzuri hapo, au hata ukiwa mchekeshaji tu, jina linasambaa.

Sisi wa hii pande ya Rift tuko na vitu vyetu, na hapa ndio nataka uskize vizuri.

Kwanza, mpira. EA SPORTS FC, ile tuliyozoea kuita FIFA hadi ikabadilishwa jina 2023, na eFootball, ile ya zamani PES. Kila mtu anaelewa, kwa hivyo huhitaji kuelezea mtu chochote. Shida ni kwamba kila mtu anafanya. Basi usiuze gemu, uza ubishi. Kama wikendi Arsenal wanakutana na Manchester United, tafuta shabiki mmoja wa kila upande hapo mtaani, wacheze hiyo mechi usiku wa kuamkia siku ya mechi yenyewe, mwenye atashindwa aseme kitu mbele ya watu. Watu hawatakuja kuona pasi. Watakuja kuona jirani yao akiaibika.

Pili, Safari Rally. Ilirudi kwa mashindano ya dunia 2021, na kambi yake ni Naivasha. Gemu ya EA SPORTS WRC, yenye ilitoka Novemba 2023, iko na Safari Rally ya Kenya ndani. Fikiria wiki ya rally, wakati kila mtu anabonga tu mambo ya Vasha, Soysambu na Sleeping Warrior, na wewe uko laivu unapita kwa vumbi ya Kenya ukielezea kwa Sheng. Hiyo wiki watu wanatafuta hiyo kitu. Mzungu wa Ufini anaweza kuendesha vizuri kukushinda, lakini hawezi kubonga kuhusu foleni ya Gilgil ukirudi Nakuru Jumapili jioni.

Tatu, kama huna PS wala kompyuta, simu yako bado inatosha. Kuna Call of Duty: Mobile, PUBG Mobile na Free Fire. Na kuna Bus Simulator Indonesia, yenye inakubali kuwekewa magari na rangi za kutengenezwa na wachezaji. Chukua mathree, iweke rangi zenye watu wa huku wanazijua, fanya mmoja kwa chati awe abiria wa kusumbua change. Hiyo ni strimu yenye mtu wa Kaptembwo na mtu wa Molo wote wataielewa.

Chagua moja, mbili mwisho. Kaa nayo miezi mitatu. Ukibadilisha gemu kila wiki, kila wiki unaanza upya.

Hesabu ya bando, kabla bando ikuhesabu

Hapa ndipo chaneli nyingi za huku hufia, si kwa kukosa talanta.

Kuna kitu kinaitwa bitireti, yaani ni data ngapi unasukuma kila sekunde ukiwa laivu. Hesabu ni rahisi. Chukua hiyo namba ya kbps, zidisha mara 3,600, gawa kwa 8. Unapata kilobaiti za saa moja.

Ukistrimu kwa 1,500 kbps, saa moja inakula kama GB 0.7. Kwa 2,500 kbps ni kama GB 1.1. Kwa 4,500 kbps ni GB 2. Hiyo ni strimu peke yake. Gemu yenyewe inakula data yake kando, na siku gemu inataka kusasishwa usiniulize.

Sasa weka kwa maisha. Siku tatu kwa wiki, masaa mawili kila siku, kwa 2,500 kbps: karibu GB 7 kwa wiki, GB 27 ama zaidi kwa mwezi. Chukua bei ya bando yenye unanunua, zidisha. Kama jibu ni kubwa kuliko chakula chako cha mwezi, usistrimu na bando. Nimefanya, nimekopa, nimelala njaa, na strimu ilikuwa na watu 4. Hakuna tuzo ya hiyo.

Ukiwa na faiba ya nyumbani ama Starlink (hawa waliingia Kenya Julai 2023), hesabu inabadilika, haswa mkiwa watatu kwa keja moja mnachanga. Lakini kumbuka kitu moja: kasi yenye wanakuambia kwa tangazo mara nyingi ni ya kupakua. Wewe unahitaji ya kupakia. Pima hiyo ya kupakia, na upime saa yenye utakuwa laivu, si saa nne asubuhi wakati plot nzima iko kazini. Iwe angalau mara mbili ya bitireti yako. Ukitaka kustrimu kwa 2,500 kbps, tafuta 5 Mbps ya kupakia yenye imetulia. Kama kuna waya, tumia waya. Wifi ya kupita kuta mbili itakuangusha.

Na kama huna mtandao wa kutosha? Usiende laivu bado. Rekodi. OBS Studio ni programu ya bure kwa kompyuta na inarekodi bila intaneti. Simu nyingi za siku hizi ziko na kitufe cha kurekodi skrini. Cheza, rekodi, kata klipu, pakia klipu tu. Klipu moja fupi ni megabaiti chache. Jenga wafuasi hivyo kwanza, laivu utaingia ukiwa na watu wa kuwaalika.

Picha isiwe stress. 720p kwa fremu 30 ni fiti kabisa, kwa sababu wengi wanakucheki kwa simu. Chenye mtu hawezi vumilia ni sauti mbaya. Afadhali picha ya kawaida na sauti safi. Waya za masikioni zenye maiki, ukiziweka karibu na mdomo, zinashinda maiki ya laptopu iliyo mbali. Na kama keja yako ni ya mabati, unajua mvua ya Aprili inakuja jioni bila kubisha hodi. Hiyo siku badilisha saa ama fanya klipu, kwa sababu hakuna maiki itashinda mvua ya mabati.

Stima nayo ikienda, laptopu inabaki na chaji lakini ruta inakufa. Betri ndogo ya kushikilia ruta ni kitu cha kununua kabla hujafikiria taa za rangi nyuma ya kiti. Taa za rangi hazijawahi leta mtu.

Mtaa ndio algoridhimu ya kwanza

Miezi yangu minne ya kwanza nilikuwa nimekaa nikingoja mtu wa Brazil anigundue. Nje ya geti yangu, hatua mia mbili, kulikuwa na kibanda cha PS. Watu kumi na watano kwa chumba kimoja, wawili wanacheza, kumi na tatu wanapiga kelele. Hao walikuwa watazamaji! Walikuwa wanatazama gemu ya mtu mwingine kila jioni, tena wakisimama.

Nilibonga na mwenye kibanda. Ijumaa moja tukafanya mashindano ya watu wanane, mimi na laptopu yangu kando. Jina la kibanda chake likawa kwa skrini usiku wote, na yeye akapata wateja. Fainali, jamaa mmoja alifungwa dakika ya 90 na mtu alikuwa amemtukana wiki nzima. Akaweka pedi chini polepole, akatoka nje, akasimama kwa mvua. Hiyo klipu ilinipea wafuasi wengi kuliko miezi minne yote, kwa sababu kila mtu alikuwa kwa hicho chumba aliituma kwa mbogi yake. Strimu iliyofuata kulikuwa na watu 23. Nilitetemeka.

Vibanda vya hivyo viko Kaptembwo, viko Rhonda, viko Bondeni, viko Lanet. Ukienda Njoro kuna watu wa Egerton, ukienda upande ule mwingine kuna wa Kabarak, na vyuo viko na hosteli zimejaa wasee wenye wanabishana nani mkali. Huhitaji dunia, unahitaji ubishi mmoja wenye watu wa mahali pamoja wanaujali.

Lakini cheza safi. Omba mwenye kibanda ruhusa. Ambia watu kuna kamera kabla uwashe, si baada. Watoto wadogo usiwaweke kwa skrini bila mzazi kukubali, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haichezi na hiyo, na hata bila sheria, mathe ya mtu akikupata utajua. Na usigeuze mashindano kuwa kamari. Siku watu wataanza kuwekeana doh, utakuwa umepoteza kibanda na jina.

Bonga hata kama hakuna mtu

Mtu akiingia kwa strimu yako anakaa sekunde chache kabla aamue. Akikupata umenyamaza, macho kwa skrini, ameenda. Hajui kwamba ulikuwa unachekesha dakika kumi zilizopita.

Kwa hivyo bonga muda wote. Elezea chenye unafanya, elezea chenye unafikiria, piga stori ya makanga alikudanganya stage leo. Fanya kama mtangazaji wa mpira wa redio: yeye haoni wasikizaji wake hata mmoja, na bado anapiga kelele. Ukiona ni ngumu, jirekodi dakika ishirini bila kwenda laivu, uskize. Utajichukia kidogo, halafu utaboreka.

Na mtu akiandika kwa chati, mtaje jina. Mkiwa watu 5, hiyo ndio nguvu yako kubwa kuliko Kai Cenat. Yeye hawezi kukusoma kwa jina kati ya watu laki moja. Wewe unaweza kukumbuka kwamba huyu alikuwa na mtihani juzi, ukamuuliza ulienda aje. Huyo mtu atarudi, na atarudi na rafiki.

Lugha? Bonga venye unabonga. Nilijaribu Kizungu cha pua wiki mbili. Wazungu hawakukuja na wasee wangu wakanicheka.

Ratiba: siku chache, saa ile ile

Laivu ya kila siku kwa wiki moja halafu kupotea mwezi mzima ni mbaya kuliko laivu mbili kwa wiki bila kukosa. Mtu lazima ajue. Kama ni Jumanne na Ijumaa saa tatu usiku, iwe hivyo hata kukinyesha. Fungua kikundi cha WhatsApp, ambia watu nusu saa kabla. Stima ikienda, waambie hapo hapo kwa kikundi. Watu husamehe stima. Hawasamehei kuachwa wakingoja.

Sasa doh

Najua umeruka juu ukaja hapa moja kwa moja. Sawa.

YouTube wako na ngazi mbili. Ya kwanza, wafuasi 500, video 3 za wazi ndani ya siku 90, na masaa 3,000 ya kutazamwa kwa mwaka ama vyuzi milioni 3 za video fupi ndani ya siku 90. Hapo mashabiki wanaweza kukutumia chochote wakiwa laivu. Ya pili ndio ya pesa ya matangazo: wafuasi 1,000 na masaa 4,000, ama vyuzi milioni 10 za video fupi kwa siku 90.

Hata ukifika, subiri. Hawatoi pesa mpaka ufikishe dola 100. Kabla ya hapo wanakutumia PIN kwa barua, barua ya karatasi kabisa, kwa anwani ya posta. Kama huna sanduku, ongea na mtu wa familia mwenye yuko nalo, mapema. Kuna pia fomu ya ushuru ya Marekani. Ukikosa kuijaza, Google wanaweza kukukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote. Ni dakika chache, jaza.

Kisha kuna KRA. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta ushuru wa kukatwa wa asilimia 5 kwa malipo ya kazi za mtandaoni kama hizi. Pesa ya strimu inahesabiwa kuwa mapato. Weka rekodi tangu siku ya kwanza.

Ukweli ni kwamba kwa msee mdogo wa Nax, doh ya kwanza haitoki California. Inatoka kwa kibanda cha PS chenye kinataka jina lake kwa skrini, kwa fundi wa pedi, kwa mwenye anauza simu. Na mashabiki wakitaka kukutumia soo moja, tumia namba ya till, usibandike namba yako ya simu mbele ya watu wote. Utajuta saa nane usiku.

Vitu vya kuhepa

Usinunue watazamaji. Ni roboti, hawabongi, hawarudi, na jukwaa likigundua linaweza kukufungia. Ile ya nifuate nikufuate pia ni hasara: unapata watu 300 wenye hawajali gemu yako, na klipu yako ikitumwa kwao wanaipita. Jukwaa linaona inapitwa, linaacha kuionyesha.

Ngoma za wasanii usizipige nyuma ya strimu. 2020 wenye haki za muziki walishukia Twitch, na watu walilazimika kufuta klipu za miaka mingi. Hata kama ni msanii wa hapa mtaani na ni boy wako, pata ruhusa yake kwa maandishi. Ama tumia muziki wa bure kwa maktaba ya YouTube.

Siku 90, halafu uamue

Hapa nabonga na wewe kama msee mwenye aliacha chuo. Sikuacha juu ya strimu, ilikuwa mambo ya karo. Lakini nimeona wawili wakiacha juu ya strimu, na mmoja akiacha mboka yake. Walidhani ukijitoa kabisa ndio algoridhimu itakuonea huruma. Haikuonei. Haijui uko na karo, haijui uko na rent ya tarehe tano.

Kwa hivyo jipee siku 90 ukiwa bado shuleni ama bado kazini. Laivu mara mbili kwa wiki, klipu tatu kwa wiki, mashindano moja ya mtaa kila mwezi. Andika kwa daftari vitu viwili tu: wastani wa watu kwa laivu, na majina ya wenye walirudi zaidi ya mara tatu. Achana na vyuzi, vyuzi zinadanganya.

Siku ya 90 fungua hilo daftari. Kama uko na majina kumi na tano yenye yanarudi, uko na kitu, endelea polepole. Kama uko na matatu, badilisha kitu kimoja, gemu ama saa ama lugha, na ujaribu tena. Kama umechoka na huifurahii, zima, uza maiki, hakuna aibu. Utabaki mchezaji mzuri wa eFootball.

Mimi nilibaki. Ijumaa saa tatu usiku niko laivu, wastani wetu ni watu 31. Binamu yangu bado anakuja. Ile simu ya pili niliuza.